Sindano Isiyo Yangu

Tabora,
6 Agosti 2023

Doto, pacha wangu,

Nimefika, nimepokelewa, nimepewa kitanda cha juu kinacholia kila nikijigeuza. Simu zetu zilichukuliwa kwenye geti la shule siku ya kwanza, kwa hiyo mimi na wewe tutaandikiana kama watu wa zamani. Tobias, yule kondakta wa basi la Nzega, amekubali kubeba barua zetu. Ukikutana naye usimtanie sana, anaweza kuzisahau makusudi.

Juzi matroni wetu, Bernadeta, alinipeleka hospitali kuchomwa sindano yangu ya mwezi. Tabibu wa huko anaitwa Raymundi, mtu wa maneno mengi. Aliniuliza ugonjwa ulianzaje. Nikamweleza kwamba tulipokuwa darasa la tatu nilipata mafindofindo, kisha magoti yakavimba, kisha moyo ukaanza kwenda mbio, na tangu hapo ni penisilini kila mwezi. Akasema kilichonipata ni kama sungusungu wa kijiji waliosikia mwano, ule ukelele wa hatari. Askari wa mwili waliamka kumpiga mdudu wa kooni, wakammaliza, halafu wakaendelea kupiga magoti na moyo wa mwenye nyumba. Kazi ya sindano ni kumzuia yule mdudu asirudi, ili mwano usipigwe tena.

Nikacheka, nikasema basi mimi na pacha wangu tumeshazoea. Akauliza, kwani pacha wako naye anaumwa moyo? Nikasema hapana, yeye mzima, ila kwetu mapacha hawatenganishwi. Akichomwa mmoja na mwingine anachomwa, mama anampeleka kwenye duka la dawa la Shilinde siku ileile. Doto, yule mtu aliweka bomba la sindano chini. Alisema dawa si pipi ya kugawana. Alisema kila sindano isiyo na kazi ni nafasi ya askari wako kuizoea vibaya hiyo dawa, na siku moja wanaweza kuiona mwizi. Sikumwelewa vizuri, lakini alivyonitazama niliogopa.

Acha sindano. Mwambie mama mimi ndiye nimesema. Sitadhurika ukiacha.

Mpe mama shikamoo yangu.

Kulwa


Lusu,
20 Agosti 2023

Kulwa,

Hukuanza na yale maneno yenu ya darasani ya kutumaini kwamba mimi ni buheri wa afya, nikajua kweli umeingia shule ya wakubwa. Kitanda kinacholia kinakufaa. Wewe ndiye uliyekuwa ukinipiga mateke usiku kucha, sasa kuna mwenye ushahidi.

Huku mpunga umeshapurwa, mama anauza mchele kidogo kidogo akisubiri bei ipande. Amenunua kitenge, amekikata katikati akapima vipande kwa kuvilaza kimoja juu ya kingine, na chako kimekunjwa sandukuni. Jumapili alikupakulia na wewe. Nilikula sahani zote mbili, yako niliipokea vizuri.

Habari ya sindano, nimeacha. Nilimwambia mama, akasema sawa. Usiwe na wasiwasi.

Ukisikia kwa Tobias kwamba nilionekana na mabaka, ni upupu. Nilikwenda kutafuta kuni kule korongoni nikapita katikati yake. Viganja na shingo viliwasha mpaka nikajikuna kwa gunzi, na mdomo ukavimba. Tobias akaniuliza kama nilibusu nyuki. Imeshapita, ngozi imerudi.

Nikuulize jambo, usinicheke. Ulipochomwa huko, ulisikia chochote tofauti? Nakumbuka maneno ya marehemu bibi, kwamba mapacha ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, mmoja ataondoka. Hakusema yupi. Tulipokuwa wadogo nilidhani ni maneno ya kumtisha mama asitupendelee. Siku hizi nikilala peke yangu nayasikia vingine.

Soma kwa bidii, maana mimi matokeo yalinikataa, na mmoja wetu akishindwa mwenzake hulipa.

Doto


Lusu,
4 Septemba 2023

Mwanangu Kulwa,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Naandika mwenyewe, kwa hiyo usishangae kutouona mwandiko wa mwenzio. Doto yu hai. Nimeanza na hilo ili uweze kusoma yaliyobaki.

Ijumaa tulikwenda kwa Shilinde. Najua ulikataza. Doto alinisomea barua yako, tukakubaliana tusikwambie, maana alisema hawezi kukuacha uchomwe peke yako ugenini. Mwezi uliopita alipochomwa, kumbe aliwashwa mwili mzima, akanificha na mimi kwa kusingizia upupu. Ningekuwa na akili ningekataa. Lakini niliwazaa siku moja, nikawanyonyesha pamoja, huyu kulia na huyu kushoto. Sikujua kumlea mmoja mmoja.

Alipochomwa alisema viganja vinawaka. Hatujafika hata mlangoni akasema, "Mama, koo linafunga." Midomo ikavimba, macho yakafumba kwa uvimbe, pumzi ikawa inapiga filimbi. Akaanguka. Shilinde alikimbilia ndoo ya maji akammwagia, hakujua lingine la kufanya. Mimi nikapiga mwano mpaka watu wakaacha kazi zao. Jirani akaleta pikipiki, tukampakia katikati yetu, kichwa chake kikalala begani kwangu. Mwanangu, nilidhani nimebeba maiti. Njia nzima nilikuwa nikimwita jina lako na lake, nimechanganyikiwa.

Kituo cha afya walimlaza chali wakainua miguu. Muuguzi akamchoma pajani sindano wanaiita adrenalini, wakamwekea dripu, wakamchoma pajani tena. Ndipo nikasikia amevuta pumzi. Nililia mbele za watu.

Muuguzi amesema penisilini isimguse tena maisha yake yote, wala dawa zilizo ndugu zake, na kila atakapotibiwa aseme kwanza. Ikimgusa tena inaweza kumuua kabla hajafika popote. Halafu akauliza alikuwa akitibiwa ugonjwa gani. Nikataja ugonjwa wako.

Watu wanasema mengi. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza kama wewe huko hukuota kitu. Sitaki kuuliza, lakini mimi ni mzazi. Ijumaa ulikuwa mzima?

Mama yako,
Advera


Tabora,
10 Septemba 2023

Doto,

Mwambie mama Ijumaa nilikuwa mzima. Nilikuwa darasani nachora ramani ya mvua. Wewe ulikuwa unakufa na mimi nasugua kifutio, sikusikia chochote, hata mshtuko. Hilo limeniuma kuliko ningeambiwa nilizimia.

Upupu, Doto? Tangu lini ukaanza kunidanganya? Nimeisoma barua yako ya Agosti tena na tena, nimekasirika mpaka matroni akaniuliza nani amefariki. Umesema mwenyewe mdomo ulivimba. Yale yalikuwa maonyo, ukayafanyia mzaha, ukarudi tena kulala pale kwa Shilinde. Ungekufa kwa ajili ya sindano isiyo yako, mimi ningeletewa kaburi kama zawadi.

Usichomwe tena. Usiseme nusu, usiseme mara ya mwisho. Naapa kwa jina la baba yetu aliyelala, ukirudia sitakuita pacha.

Mimi naendelea vizuri na sindano zangu. Huku hakuna la kuogopa.

Kulwa


Lusu,
8 Oktoba 2023

Kulwa,

Nimekusikia. Umeapa kwa jina la baba, nikajua umekasirika kweli, maana wewe hata kwa jina la kuku huapi.

Nimepona, ila nimekuwa mwoga ambaye hungemtambua. Naogopa vidonge vya kichwa. Naogopa karanga, mayai, navinusa kwanza kama paka. Muuguzi alicheka, akasema mwili wangu umeikataa penisilini, haujaikataa dunia. Rahisi kwake kusema. Yeye hajasikia koo lake likifungwa kutoka ndani. Nilijua ninakufa, Kulwa. Nilikuwa nasikia sauti ya mama kwa mbali anakuita wewe, nikawaza, kumbe mimi ndiye ninayeondoka.

Sasa hofu imegeuka. Siku yako ya sindano ikifika siwezi kula. Wewe huko unachomwa, mimi huku nimekaa tu na mikono yangu. Mama naye ananitazama. Akisikia basi la Tabora limefika anasimama mlangoni mpaka Tobias apite. Miaka yote tumekuwa tunapewa sawa, na wote tumeishi. Sasa hatupewi sawa. Nani atatuambia kitakachofuata?

Niandikie hata mistari miwili kila ukichomwa. Niambie tu umetoka salama.

Doto


Tabora,
29 Oktoba 2023

Doto,

Nimechomwa, nimetoka salama. Hiyo ni mistari yako miwili, usidai mingine.

Joto la huku halisemeki, mvua inanguruma kila jioni halafu inakwenda kunyesha kwa wengine. Koo liliniwasha kidogo wiki hii, ni vumbi. Tunafanya mitihani.

Kulwa


Tabora,
15 Novemba 2023

Doto,

Samahani kwa kuchelewa. Magoti yananiuma kidogo, mara la kulia, mara la kushoto. Matroni ameniruhusu kulala bweni la chini kwa sababu ngazi zinanichosha. Usiku nalala nimeegemea mto, nikilala chali pumzi inakuwa fupi. Labda ni uchovu wa mitihani.

Usimwambie mama. Tukifunga shule nitakuja nilale siku tatu mfululizo, nitaamka mzima.

Kulwa


Lusu,
Jumanne, 21 Novemba 2023

Kulwa,

Barua yako imefika leo asubuhi na sijaweza kufanya kazi. Nilikuwa nimeshika jembe, mvua imenyesha, watu wote wako mashambani, nami nimekaa kwenye tuta nalia kama mfiwa.

Magoti, koo, pumzi. Unadhani nimesahau? Nililala kitanda kimoja na wewe mwaka ule. Nilikuwa nakuinua ukae, moyo wako unagonga mpaka godoro linatikisika. Umerudi palepale. Na unachomwa kila mwezi, umeniandikia mwenyewe. Dawa ni ileile, tabibu ni bora kuliko wa kwetu. Kilichobadilika ni kimoja tu. Mimi nimeacha.

Najua utasema nini. Najua alichosema muuguzi. Lakini miaka yote nilipochomwa na wewe, ulikuwa mzima, ukacheza netiboli, ukafaulu. Nimeacha miezi miwili na nusu, angalia ulivyo. Bibi hakuwa mjinga.

Jumamosi nakwenda Nzega mjini. Shilinde hawezi kunichoma tena, akiniona anafunga mlango. Lakini mjini kuna duka la dawa wasikonijua. Nitasema nina mafindofindo. Nitaomba nusu ya dozi, ya kugusa tu, ili tuwe tumepewa sawa. Mama ataambiwa nimekwenda kuuza mchele.

Nakwambia kwa sababu sitaki kukudanganya tena, upupu ulitosha. Usinikasirikie. Mimi nilikwenda nikarudi, najua njia ilivyo. Wewe moyo wako ukizima hakuna sindano ya paja ya kukurudisha.

Ninaogopa sana, Kulwa. Lakini naogopa zaidi kubaki.

Doto


Tabora, wodini,
Alhamisi, 23 Novemba 2023

Doto, USIENDE.

Soma mpaka mwisho kabla hujafanya chochote. Matroni amepiga simu ya mama tangu jana, haipatikani, najua iko kwenye mfuko wa kanga haina chaji. Tobias ameapa atakukabidhi barua hii mkononi leo hii hii, hata kama basi litamwacha.

Sijachomwa. Tangu barua ya mama ya Septemba sijachomwa hata mara moja.

Siku ya sindano matroni alikuwa ananiruhusu kwenda mwenyewe. Nilikuwa nafika hospitali, nakaa kwenye benchi, nikisikia wanaita jina langu viganja vinaanza kuwaka. Havikuwa vinawaka kweli, ni mawazo. Nilikuwa naona midomo yako. Nilisema, tumetoka tumbo moja, lililomkuta yeye litanikuta mimi, na hapa mama hayupo wa kupiga mwano. Naondoka. Matroni namwambia nimeshachomwa, na wewe nakuandikia nimetoka salama. Nilikutukana kwa upupu wako wakati mimi nadanganya kila mwezi.

Umeelewa? Sikuugua kwa sababu wewe umeacha. Nimeugua kwa sababu mimi nimeacha. Mdudu amerudi kooni, hakukuta wa kumzuia, mwano umepigwa, na sungusungu wangu wamevamia moyo tena. Wewe hukunifanya chochote. Hata miaka ile yote hukuwa unanilinda, Doto. Ulikuwa unaumia bure.

Jumatatu nilianguka kwenye foleni ya chakula wakanileta hapa. Raymundi alinisikiliza kifuani, kisha mgongoni, kisha kifuani tena, nikajua ni vibaya. Wamenipima moyo kwa picha. Mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri, damu inarudi nyuma. Hapo awali ulikuwa unafunga. Wananipa dawa za kutoa maji na za kutuliza ule uvimbe, na huenda baadaye nikapelekwa Dar es Salaam kuonwa na mabingwa. Haya ndiyo malipo ya miezi yangu ya woga, sitakuficha.

Nilimwambia ukweli wote, na barua yako nikampa aisome. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja, kama nilipokuwa nachomwa miaka yote niliwahi kuwashwa au kuvimba. Nikasema sijawahi hata kipele. Akasema, "Tumbo lilikuwa moja, askari ni wa majeshi mawili. Dawa inayomuua mwenzio ndiyo inayokuweka wewe hai, na hakuna kati yenu anayeweza kubadilishana na mwingine." Akaongeza kwamba kwako wewe nusu na nzima ni sawasawa. Askari walioshamjua adui hawahitaji kumwona mwili mzima, ukucha unatosha.

Basi anataka kunichoma leo. Nimekataa mara mbili. Nilitaka kukuandikia neno moja tu, usiende, nikaona nani atamsikiliza mwoga anayemwambia mwenzake asiogope. Kwa hiyo nimeomba nimalize ukurasa huu, halafu nitamwita. Kwenye sinia ameweka adrenalini, imeshavutwa, nimeiona kwa macho yangu. Matroni amenishika kisigino maana ndicho kilicho karibu naye.

Kama maandishi yanaishia hapa, basi ujue nilikuwa naogopa, na bado usiende.

.

Ni mimi. Raymundi alianza na tone dogo kwenye ngozi ya mkono, tukakitazama kile kidoa kama watu wanaosubiri yai lianguliwe. Hakikuvimba. Ndipo akanichoma sindano yenyewe, na ile inauma, hilo unalijua. Baadaye viganja vikaanza kuwaka. Nikapiga kelele. Akavishika, akavigeuza, akasema ni vya baridi na vyeupe, hakuna kilichovipata. Ilikuwa ni hofu tu. Nimelia mpaka wagonjwa wenzangu wakaanza kunipa pole.

Nimechomwa peke yangu. Niko hai. Tobias anapiga honi nje.

Usiende, Doto.

Kulwa


Lusu,
Jumamosi, 25 Novemba 2023

Kulwa,

Sijakwenda.

Tobias alifika juzi jioni, amelowa, viatu mkononi, maana basi halikuweza kupita kwenye tope na alitembea kutoka barabara kuu. Sikumtania. Nilisoma nimesimama. Nilipofika pale penye nukta nikashindwa kugeuza karatasi. Nilikaa nayo hivyo hivyo mpaka mama akatoka jikoni, akaninyang'anya, akaigeuza yeye.

Nimekukasirikia, na leo nitakwambia wazi, kisha sitarudia. Ulinihukumu kwa uongo wako. Nilikuwa nalala najihesabu mimi ndiye muuaji, kila usiku, na wewe ulikuwa na jibu mfukoni. Jumamosi ya leo ningekuwa nimelala kwenye sakafu ya duka Nzega mjini kwa watu wasiojua hata jina langu. Nilikuwa nimeshaweka nauli.

Nimemsomea mama barua zote, na zangu pia, na ile ya Nzega. Hakulia. Aliuliza tu, mlango wa moyo ukishindwa kufunga unaweza kufungwa na watu? Nikasema wanasema Dar wanaweza. Leo alfajiri amepanda basi anakuja kwako, atakuwa ameshafika kabla hujamaliza kusoma. Alitaka nije naye, nikakataa. Ningekaa pembeni ya kitanda chako, nikiona wanakuja na bomba ningenyoosha mkono na mimi. Miaka tisa ya mazoea haitoki kwa barua moja.

Nimebaki hapa na mahindi ya kupanda. Mwezi ujao, siku yako, nitakuwa shambani. Nitaogopa, najua nitaogopa, lakini nitapanda hivyo hivyo. Na wewe utaogopa utachomwa hivyo hivyo, hata kama viganja vitawaka. Usiniandikie umetoka salama kama hujaingia.

Usiku wa jana nimejaribu kuliandika hili nikachana karatasi. Hatujawahi kuambiana, tangu ulipougua, wala mama hajawahi kulisema. Sasa nimeshaliandika na nimeuacha wino ukauke, lisomeke.

Kulwa, wewe ni mgonjwa. Mimi si mgonjwa.

Doto